Jinsi ya kuchagua mji na ufukwe wa likizo nje ya nchi: anza na mwezi, jina lifuate

Wengi huanza na jina. Wameona picha za Phuket au Cancún, wanafungua tovuti ya tiketi na kutafuta tarehe zenye nauli nafuu. Nauli inayoshuka ghafla huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni bahari: ama imechafuka, ama haiogeleki. Mpangilio ulio hapa chini unatanguliza mwezi, kisha bahari, kisha makaratasi. Bei inakuja mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Hesabu usiku wa kulala

Siku za kwenye tiketi hudanganya. Safari ya siku 10 aghalabu hubakiwa na usiku 8 kitandani. Halafu kila unapohama hoteli unapoteza karibu nusu siku, kwa kuwa hoteli nyingi hukutaka utoke saa 5 asubuhi, na unakokwenda chumba hakitakuwa tayari kabla ya saa 8 au 9 mchana.

Ukiwa na usiku usiozidi 6, usiunganishe sehemu mbili. Chukua mji wenye bahari yake: Barcelona, Valencia, Rio de Janeiro, Sydney, Dubai. Kuanzia usiku 7, mji na ufukwe wa mbali vinachukuana vizuri, kama Bangkok na Phuket, au Istanbul na Antalya. Usiku 3 mjini, unaobaki wote baharini. Vituo vitatu ndani ya wiki moja ni kazi ya utarishi.

Hatua ya 2: Orodha ya majina matano

Yasizidi. Chora jedwali lenye safu nne: mvua, joto la maji, viza, na muda wa safari kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli. Karatasi inatosha.

Hatua ya 3: Kagua bahari ya mwezi ule ule, upande ule ule wa pwani

Hapa ndipo likizo nyingi huharibika, kwa hiyo usiipite mbio.

Jina la nchi halikuambii hali ya bahari yake. Chukua Thailand. Vitabu vya mwongozo wa watalii husema msimu mzuri ni Novemba hadi Februari, na kwa Phuket na Krabi ni kweli: ziko upande wa Bahari ya Andaman, nazo hupigwa na monsuni (upepo wa msimu uletao mvua) ya kusini-magharibi kuanzia Mei hadi Oktoba, mawimbi yakawa makali na bendera nyekundu zikatundikwa ufukweni. Koh Samui iko upande wa pili, kwenye Ghuba ya Thailand, na mvua zake kubwa huanguka Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiongoza. Kwa hiyo likizo ya Julai ipeleke Samui, na ya Januari mwishoni au Februari unaweza kuchagua popote. Anayekwenda Samui mwezi wa Novemba kwa kufuata kanuni ya nchi nzima atalipia mvua.

Bali nayo ina pande zake. Msimu wa mvua, takriban Novemba hadi Machi, mito humwaga taka baharini, kisha upepo wa magharibi huzirudisha kwenye fukwe za Kuta, Seminyak na Jimbaran. Sanur na Nusa Dua, zilizo upande wa mashariki, huwa safi zaidi miezi hiyo. Goa ni rahisi kukumbuka: Juni hadi Septemba vibanda vya ufukweni hubomolewa na kuogelea hakushauriwi kabisa.

Kwenye Karibi, msimu rasmi wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ukali wake uko Agosti hadi Oktoba. Lazima kusafiri miezi hiyo? Angalia Aruba na Curaçao, zilizo kusini mno kiasi kwamba vimbunga vingi huzipita mbali. Kwa Cancún, Playa del Carmen na Tulum kuna jambo la pili ambalo halimo katika utabiri wa hali ya hewa, nalo ni mwani wa sargassum. Hufika kwa wingi kati ya Aprili na Agosti, hurundikana ufukweni, na ukianza kuoza hunuka kama yai viza. Fukwe zinazotazama mashariki ndizo huumia zaidi. Upande wa magharibi wa Cozumel na ufukwe wa kaskazini wa Isla Mujeres hupata nafuu kubwa.

Kisha joto la maji. Joto la mjini na joto la baharini havina kalenda moja. Mediterania huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, ndiyo maana Barcelona ya Mei ni nzuri sana kwa kutembea, lakini maji yake yako kwenye nyuzi 17 au 18 tu. Septemba ni karibu nyuzi 24, na umati wa Agosti umeshapungua. Kati ya Juni na Septemba, chagua Septemba bila kusitasita. Lisbon iko kwenye Atlantiki, na hata Agosti maji yake huwa nyuzi 18 hadi 20 hivi: mji mzuri mno, ila usimwahidi mtoto kuogelea mchana kutwa. Cape Town huwashangaza wageni zaidi. Katikati ya kiangazi chao, Clifton na Camps Bay zinawaka jua, lakini maji yanaweza kushuka hadi nyuzi 12. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Upepo unavyozidi ndivyo maji yanavyozidi kuwa baridi. Anayetaka kuogelea aende Muizenberg, upande wa False Bay.

Dubai ni kinyume chake. Julai hewa hupita nyuzi 40 na bahari yenyewe hupita 30, kwa hiyo hata kuingia majini hakukupoozi. Nenda Novemba hadi Machi.

Kipimo cha kutumia: chini ya nyuzi 20 utaishia kulowesha miguu, 21 hadi 23 utaogelea na kutoka upesi, 24 kwenda juu watoto watacheza saa nzima bila kutetemeka.

Namna ya kukagua: tafuta joto la bahari kwa jina la ufukwe, usitafute kwa jina la nchi. Soma idadi ya siku za mvua pamoja na milimita, maana milimita 200 zinaweza kuwa ngurumo za saa moja kila jioni, au wiki nzima ya mawingu mazito. Saa za jua kwa siku ndizo hutofautisha. Mwisho, fungua ufukwe huo kwenye programu ya ramani, panga picha za wageni kwa tarehe, na utafute za mwezi wako mwaka uliopita. Picha za hoteli ziache. Zilipigwa siku bora ya mwaka.

Ongeza kalenda ya watu. Songkran, sikukuu ya mwaka mpya nchini Thailand, ni 13 hadi 15 Aprili, na mabasi hujaa siku kadhaa kabla. Katikati ya Agosti Waitalia wote wako ufukweni, na maduka mengi ya mijini yamefungwa.

Hatua ya 4: Mchanga, kokoto, kina

Nice ni kokoto tupu. Antalya ina zote mbili: Konyaaltı kokoto, Lara mchanga. Sanur ina mwamba unaozuia mawimbi, jambo zuri kwa watoto, lakini maji yakipwa yanakufika magotini tu. Panga kuogelea kwa jedwali la kujaa na kupwa. Picha ya setilaiti itakuonyesha yote haya kwa dakika mbili.

Hatua ya 5: Pasipoti na viza kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa

Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi 6. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Ombi la viza yao hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Usingoje siku 15; miadi huisha mapema kabla ya kiangazi.

Tazama idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukatoka Hispania kwenda Moroko kwa siku mbili, huwezi kurudi. Kroatia imo Schengen tangu 2023. Ireland na Saiprasi hazimo. Na ukibadilisha ndege Marekani, hata kama unaelekea kisiwa cha Karibi, unapita uhamiaji wao, kwa hiyo unahitaji ruhusa ya kuingia au kupita. Cheti cha homa ya manjano, pale kinapotakiwa, huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Hatua ya 6: Ndege

Soma jina la uwanja, usitosheke na jina la mji. Girona huuzwa kama Barcelona ingawa iko takriban kilomita 90 kutoka mjini. Bangkok ina Suvarnabhumi na Don Mueang. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja Ulaya na kingine Asia. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, acha saa 4 katikati kama uwanja ni ule ule. Kama ni viwanja tofauti, lala hapo usiku mmoja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe.

Maldivi zina mtego wao. Ndege za majini, zinazokutoa Malé hadi kisiwa cha hoteli yako, huruka mchana tu. Ukitua Malé jioni, utalala huko na kulipia chumba cha kisiwani ambacho hujakiona. Uliza pia nauli ya kukufikisha kisiwani, kwa kila mtu, kwenda na kurudi. Inaweza kufuta unafuu wote wa chumba.

Tanguliza mji, ufukwe ufuate. Kama ufukwe unafikiwa kwa boti, rudi karibu na uwanja usiku wa mwisho, kwa sababu bahari ikichafuka vivuko husimama na ndege haikungojei.

Hatua ya 7: Sasa bei

Jumlisha vitu ambavyo havimo kwenye bei ya chumba: kodi ya wageni (Barcelona hutozwa kwa mtu kwa usiku, Dubai kwa chumba kwa usiku, Bali rupia 150,000 mara moja kwa kila mgeni), ada ya mizigo, na usafiri wa uwanjani. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya nchi ulipo, chagua ya nchi ulipo. Ile nyingine hubeba kiwango kibaya cha ubadilishaji.

Hoteli inayosema iko dakika 5 kutoka baharini ipime kwa miguu kwenye ramani. Hapo katikati panaweza kuwa na reli au barabara kuu isiyo na kivuko karibu. Chukua chumba kinachofutika bure, na tarehe ya mwisho ya kufuta iweke kwenye simu siku moja kabla, maana saa inayohesabiwa ni ya kule hoteli iliko.