SOMO: Namna ya kuandaa maombi ya tuzo za kinga ya mwili kwa walioanza kuongoza timu zao (watu wa Bagamoyo na Korogwe someni)

Wakuu habari zenu. Wengi hapa Bagamoyo mmenifuata inboksi kuhusu hizi tuzo za watafiti wa kinga ya mwili ambao ndo kwanza wameanza kuongoza timu, nikaona niandike mara moja tusome wote.

Kwanza kabla hujafungua fomu, angalia watoa tuzo wanauhesabuje uchanga wako kwenye utafiti. Wengine wanaangalia umri, mfano tuzo za Michelson za Marekani mtu asizidi miaka 35, na mshindi anapata dola 150,000 za utafiti, wengine wanahesabu tangu umalize PhD au tangu upate timu yako. Dada zangu, likizo ya uzazi mara nyingi inatolewa kwenye hesabu hiyo, somea masharti mpaka mwisho, msijiengue wenyewe.

Pili, na hapa ndo wengi tunaangukia. Majaji wanatafuta swali LAKO. Sisi tumekulia kwenye majaribio makubwa ya chanjo, RTS,S (chanjo ya malaria) awamu ya tatu peke yake ilikuwa na vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, pepa ikitoka ina majina kibao na lako limebanwa katikati huko. Ni heshima kubwa na usiifiche, ila jaji bado hajajua wewe unawaza nini. Ukiandika "nimeshiriki majaribio ya chanjo ya malaria" hiyo hata mwenzako wa meza ya pili anaiandika. Sasa chukua hili: PfSPZ (chanjo nyingine ya malaria, ya vimelea vizima vilivyodhoofishwa) ilipojaribiwa hapa Bagamoyo kwa watu wazima, kingamwili zilikuwa chini kuliko za Wamarekani waliochanjwa chanjo hiyohiyo. Kwa nini? Malaria tulizougua tangu utotoni, minyoo, chakula, au nini? Andika "naongoza timu inayotafuta kwa nini seli T (aina ya seli za kinga) za watu wa Bagamoyo zinaipokea chanjo hii tofauti, na sampuli za kabla na baada ya kuchanjwa ninazo". Hapo jaji atasoma ukurasa wa pili.

Tatu, onyesha kazi inafanyika hapahapa. Usiishie "tuna maabara". Eleza damu ikitolewa asubuhi inazungushwa siku hiyohiyo kwenye mashine, ule utando mweupe mwembamba wenye seli za kinga unaobaki chini ya plazma na juu ya seli nyekundu unanyonywa kwa pipeti taratibuuu, seli zinahesabiwa, zinaingia kwenye mtungi wa naitrojeni, na umeme ukikatika jenereta ipo. Wanaosoma wako mbali, wanaweza kudhani kila kitu tunakisafirisha nje.

Vibali (NIMR ya utafiti wa magonjwa, COSTECH ya sayansi na teknolojia, na TMDA ya dawa kama ni jaribio la chanjo) anza navyo mapema. Barua za wadhamini pia, na bosi wako wa zamani mpe pointi, aseme wazi kipi ulikianzisha wewe.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Korogwe: Mkuu timu yangu ni mimi, fundi maabara mmoja na mwanafunzi wa mastazi, naweza kujiita kiongozi kweli?

Jibu: Kama bajeti unaishika wewe na mwanafunzi unamsimamia wewe, ndiyo kaka. Taasisi yako ikuandikie barua inayosema hivyo, na usiongeze watu ambao hawapo.

Mdau wa Tanga mjini: Samahani daktari, pepa zangu haziko kwenye majarida makubwa, nisijisumbue?

Jibu: Jisumbue dada. Taasisi nyingi zimesaini azimio la DORA lililoanzia San Francisco mwaka 2012, linapinga kumpima mtu kwa jina la jarida. Angalia kama hao watoa tuzo wamesaini, halafu tanguliza pepa ambayo jina lako ndo la mwisho (kwetu hapo ndo hukaa kiongozi wa timu), hata kama ni moja.

Mdau: Bosi anasema sampuli ni za mradi, sio zangu.

Jibu: Yuko sahihi, mradi una mkataba. Muombe kwa maandishi, halafu soma fomu ya ridhaa waliyosaini wale akina mama waliokubali watoto wao watolewe damu. Kama haikutaja utafiti mwingine wa baadaye, rudi kamati ya maadili kwanza hata kama dedilaini imekaribia, walichokubali ni kile walichosomewa tu.