Jinsi ya kuiandaa pikipiki yako isiumie ikilala chini

Pikipiki nyingi ninazoletewa gereji hazikupata ajali. Zilikuwa zimeegeshwa. Mvua imenyesha, stendi imezama, mzigo umevuta upande mmoja, chombo kimelala. Boxer yangu mwenyewe ililala hivyo ikiwa na magunia mawili ya mkaa. Mkono wa klachi ulikatikia kwenye shina, nikaikokota mpaka giza likaniingilia njiani.

Anza na stendi ya pembeni. Mguu wake ni mwembamba, kwenye udongo laini unachoma kama kisu. Mpe fundi wa kuchomelea kipande cha bati nene, upana wa kiganja, akiunge chini yake. Ukiegesha mlimani, elekeza tairi la mbele juu na uache gia namba moja. Ukiwa na mzigo, stendi ya kati tu.

Sasa mikono ya klachi na breki. Hapa naomba usikimbilie. Wengi hukaza bolti mpaka mwisho wakidhani ndio uimara, kumbe mkono uliokazwa hivyo ukigonga chini hauna pa kwenda, unakatika. Legeza bolti za kile kipande kinachoushikilia mkono. Zungushia usukani, mahali kinapokaa, tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu. Rudisha, kaza kidogo kidogo huku ukijaribu: ukivuta klachi kama kawaida kisicheze, ukiupiga mkono kwa kiganja kwa nguvu kizunguke. Fanya vivyo hivyo upande wa breki, kisha endesha taratibu uwanjani uijaribu kabla hujapakia abiria.

Vioo navyo, nati ya chini isikazwe kufa.

Bampa ni lazima. Mimi nachagua la bomba kuliko la nondo: bomba linapinda na kuumeza mshindo, nondo inaupeleka moja kwa moja kwenye masikio ya injini, pale inapofungwa kwenye fremu. Hakikisha limejitokeza nje kuliko kava ya injini na pedali ya gia, na limeshikwa kwenye fremu. Livike mpira wa tyubu kuukuu, ufunge kwa waya pande zote mbili.

Ikilala hata hivyo, zima swichi na funga koki ya mafuta kwanza. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinua, la sivyo utaiangusha upande wa pili. Inua kwa miguu, mgongo ukiwa wima. Isimamishe dakika tano petroli ya kabureta itulie, ukiangalia oili chini ya kava. Mwisho geuza usukani kushoto mpaka ukome, kisha kulia, huku ukizungusha eksileta na kuiachia. Isiporudi yenyewe, usiwashe.