Klachi ya gari la michezo la zamani: pima kwanza, ndipo ushike spana

Nati ya kurekebishia klachi huzungushwa mara nyingi bila sababu. Pedali ikianza kushika chini, mtu huikaza. Gia zikikwaruza, huikaza tena. Mwisho wake ni beringi ya klachi iliyoungua au sahani (ile ya msuguano inayounganisha injini na giaboksi) iliyoisha kabla ya wakati. Kazi ya nati hiyo ni kufidia kulika kwa sahani, basi. Waya unaokatika, pini iliyolika au hewa kwenye mafuta haviponi kwa kuizungusha.

Anza kwa kujua klachi inakosea upande gani. Ama haikati, yaani injini inaendelea kuizungusha giaboksi hata ukikanyaga pedali mpaka chini, ama inateleza, injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo. Kujua kama haikati, acha injini ikizunguka polepole, kanyaga pedali mpaka mwisho, hesabu hadi kumi, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, klachi haikati. Kujua kama inateleza, injini ikiwa ya moto na mbele ya gari pakiwa wazi, weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya juu, pandisha injini hadi mizunguko 2000 kwa dakika na uachie pedali kama kawaida. Injini inapaswa kuzima papo hapo. Jaribio hili lifanye mara moja tu, maana linaichoma sahani.

Kabla hujaingia chini ya gari, ondoa kapeti miguuni. Zulia nene lililowekwa wakati wa ukarabati linaweza kupunguza safari ya pedali kwa sentimita nzima, na hiyo inatosha kukwaruza gia.

Klachi ya waya

Hapa pedali huivuta klachi kwa waya, na kipimo ni mchezo wa pedali: umbali inaoshuka kwa kidole kabla ya kukutana na uzito wa klachi. Kwenye Volkswagen za injini ya kupozwa kwa hewa, pamoja na Karmann Ghia, mchezo ni milimita 10 hadi 20. Magari mengine yana kipimo chao kwenye kitabu cha gari, kifuate hicho. Pima kwa rula, usikadirie kwa mguu.

Mchezo ukipungua wenyewe kidogo kidogo, sahani inalika, na hilo ni jambo la kawaida: legeza nati mpaka kipimo kirudi. Mchezo ukiongezeka, simama hapo hapo. Sahani inayolika haiongezi mchezo. Ama nyuzi za waya zimeanza kukatika, ama ndoano ya pedali imelika, ama kishikio cha ala ya waya kimepasuka. Ukikaza nati utaficha dalili, na waya utakatika safarini.

Unapozungusha nati, shika ncha ya waya kwa koleo usijisokote. Kanyaga pedali mara kadhaa, pima upya, kisha funga lokinati, yaani nati ya pili inayoizuia ya kwanza isilegee. Kwenye hizo Volkswagen angalia pia mkunjo wa bomba linalopitisha waya kwenye giaboksi: linapaswa kuning'inia milimita 25 hadi 45. Likinyooka sana, klachi hutetemeka wakati gari linaondoka.

Klachi ya mafuta

Hapa silinda ya juu, iliyo kwenye pedali, husukuma mafuta hadi silinda ya chini, iliyo kwenye giaboksi, na fimbo yake huisukuma klachi. MGB, gari la michezo la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, haina nati ya kurekebisha kabisa. Pistoni ya silinda ya chini hurudi yenyewe kadiri sahani inavyolika. Kwa hiyo kuweka fimbo ndefu zaidi kwenye silinda hiyo hakusaidii kitu: pistoni itarudi ndani zaidi na safari itabaki ile ile.

Kipimo cha kweli ni safari ya fimbo ya silinda ya chini. Mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho, wewe ukiwa chini na rula, gari likiwa juu ya stendi imara. Kwenye MGB tarajia takriban milimita 12. Ukipata hizo na gia bado zinakwaruza, acha mfumo wa mafuta: kosa limo ndani ya klachi.

Ukipata pungufu, kanyaga pedali haraka mara mbili tatu. Mahali pa kushika pakipanda, kuna hewa. Pasipopanda, kagua pini inayounganisha pedali na fimbo ya silinda ya juu. Watu wengi huiruka, wakati ndiyo inayolika kuliko sehemu nyingine. Pedali yenye uwiano wa 5 kwa 1 ikipoteza milimita 1.5 kwenye pini na tundu lake, mguu unapoteza zaidi ya milimita 7. Badilisha pini, na tundu lililokuwa yai lijazwe kwa kulehemu na kutobolewa upya.

Pedali ikizama polepole ukiwa umeikanyaga, mpira wa ndani wa silinda ya juu umechoka, au kuna uvujaji. Vua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini utazame kama kuna unyevu.

Wakati wa kutoa hewa, nipeli (skrubu ya kutolea hewa) iwe sehemu ya juu kabisa ya silinda ya chini. Hewa ikikataa kutoka, sukuma mafuta kwa bomba la sindano kutoka nipeli hiyo kwenda juu, kwa sababu hewa hupenda kupanda. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, usitie ya madini: yanavimbisha mipira yote.

Klachi inayoteleza gari likipata moto na kupona likipoa ina chanzo kingine. Fimbo ya silinda ya juu imebana bila nafasi, mafuta hayarudi kwenye kopo la akiba, na yakipanuka yanaikanyaga klachi. Rudisha nafasi ndogo kati ya fimbo na pistoni. Mpira wa bomba uliovimba ndani huleta dalili hiyo hiyo.

Kwenye Triumph TR4 hadi TR6, safari ya fimbo ikiwa sawa na klachi haikati, shuku ile boliti nyembamba ya kichwa cha mraba inayofunga uma (mkono unaosukuma beringi ya klachi) kwenye shafti yake. Hukatika, na giaboksi lazima litolewe, kupitia ndani ya gari.