Jinsi ya kuweka vitasa viwili kwenye mfuniko wa buti wa faiba

Mfuniko wa faiba hujipinda. Uunyanyue kwa kona moja, utaona kona ya pili inachelewa kuja. Kwa hiyo kwenye gari la kujijengea, tuseme nakala ya Cobra (gari la michezo la zamani) yenye bawaba upande wa juu, kitasa kimoja cha katikati huacha kona zikigongagonga gari likitembea na maji yakipenya. Mimi naweka viwili, kimoja kila upande, vile vyenye ulimi wa kuzunguka. Viagize vikiwa jozi ya ufunguo mmoja.

1. Bandika kwanza mpira wa kuzuia maji. Mpira huinua mfuniko. Ukipima kabla ya kuuweka, vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

2. Chagua mahali ambapo ulimi utazunguka bila kugonga mbavu za ndani. Bandika tepu ya karatasi, chora juu yake.

3. Vaa miwani na barakoa, maana vumbi la nyuzi za kioo linawasha na ni baya kifuani. Toboa kutoka nje, ubao ukiwa umekazwa nyuma: tundu la milimita 3 kwanza, kisha biti ya ngazi, polepole. Ukitumia msumeno wa kutobolea matundu, ule unaofungwa kwenye drili, zungusha drili kinyume mpaka upite jelikoti, yaani tabaka gumu la nje la faiba, ndipo urudishe mbele. Jelikoti humegeka kama ganda la yai. Hata tupa isukume kuelekea ndani tu.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Vitasa vingi vya aina hii vina shina la milimita 19 lililokatwa bapa pande mbili, milimita 16, ili lisizunguke na ufunguo. Usichonge umbo hilo kwenye faiba. Italika, na baada ya muda kitasa kizima kitazunguka. Faiba itoboe duara tu. Umbo la bapa lichonge kwenye bamba la alumini la milimita 3, la kama sentimita 8 kwa 8, kona zake zikiwa zimeviringwa. Kwaruza faiba kwa ndani na msasa wa 80, futa kwa asetoni, gundisha bamba kwa epoksi. Resini ya poliesta haishiki vizuri juu ya faiba iliyokwisha kukauka. Bana, acha mpaka kesho yake.

5. Weka washa nyembamba ya mpira chini ya kichwa cha kitasa. Kaza nati kwa mkono, ongeza robo mzunguko. Ukisikia faiba inalia, umepitiliza.

6. Paka grisi ncha ya ulimi, shusha mfuniko, zungusha ufunguo: alama itakuonyesha pa kuweka kishikio, kile kipande cha kwenye bodi kinachoshika ulimi. Matundu ya kishikio yawe marefu ili kisogee, na nyuma yake weka bamba jingine. Kisha bana kipande cha karatasi kwenye mpira, ukivute. Kikitoka bila kukaza, shusha kishikio kidogo, urudie kuzunguka mfuniko wote.

Kwa wanaojengea Uingereza: mkaguzi wa IVA, ukaguzi wa gari la kujijengea kabla ya kusajiliwa, huangalia vitu vinavyochomoza nje, na kingo zinazoweza kumgusa mtu hutakiwa kuwa na mviringo wa angalau milimita 2.5. Kitasa bapa hakisumbui kama mpini wa umbo la T.

Nakala nyingi za Cobra zina betri ndani ya buti. Kabla ya kufunga mara ya kwanza, ufunguo wa akiba uwe nje ya gari.