Kupanga vitu kwenye kebini ya familia melini

Anza na masanduku. Toa kila kitu, dogo liingie ndani ya kubwa, kisha yasukume mvunguni. Mume wangu husema nguo zibaki sandukuni, "tutatoa tukihitaji", ndiyo maana kazi hii naifanya mimi.

Halafu tazama kuta. Kebini nyingi zina kuta za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku hushika vizuri. Mimi hutundika kofia, mikoba na nguo za kuogelea zilizokamuliwa. Chukua sumaku zenye nguvu. Dhaifu huteleza kwa uzito wa taulo iliyolowa. Nyuma ya mlango wa bafu ning'iniza mfuko wa viatu wenye vijifuko vingi. Viatu visiingie humo hata kimoja! Weka miswaki, mafuta ya kujikinga na jua, chaja, na vile vidude vya watoto visivyo na mwenyewe. Dawa zikae vijifuko vya juu kabisa.

Vitanda vya juu, mwombe mhudumu avikunje mchana. Waya wa kuongezea soketi usiubebe kabla ya kusoma masharti ya meli, maana nyingi huukataza. Nguo chafu zirudi sandukuni, mvunguni.