Kabla hujanunua kiyoyozi, panda darini
Wenye nyumba za zamani zilizoshikana, hasa hapa Mji Mkongwe Bagamoyo: pandeni darini saa nane mchana mjionee. Kuta za kati tunachangia na majirani, hazipigwi jua. Joto karibu lote linashuka kutoka kwenye bati. Mimi nilianzia hapo. Nikasugua kutu, nikapiga rangi nyeupe, kisha nikaweka silingibodi chini yake na kuacha nafasi ya hewa, yenye matundu pande mbili: moja lipokee upepo wa kaskazi, la pili litoe joto. Matundu yawekwe wavu, maana popo hawabishi hodi. Sasa feni naiwasha namba mbili tu, na umeme wa LUKU unakaa.

Kuta za mawe ya matumbawe zisipigwe plasta ya saruji, hata fundi akikuapia. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, plasta inabanduka, chumba kinanuka uvundo. Tumia chokaa na mchanga. Na kwa kuwa hili ni eneo la hifadhi, ulizia kibali Idara ya Mambo ya Kale kabla hujagusa sura ya mbele.