Jinsi ya kupanga mtiririko wa fedha wa halmashauri ili mishahara isikwame

Bajeti hujumlisha mwaka mzima, lakini mishahara hulipwa kila mwezi na kodi huingia kwa msimu. Ndiyo maana halmashauri au serikali ya jimbo inaweza kukusanya kila senti iliyokisia na bado ikakosa fedha mwezi wa tatu. Kinachozuia hali hiyo ni mpango wa mtiririko wa fedha, yaani jedwali linaloonyesha mwezi kwa mwezi nini kinaingia, nini kinatoka na bakaa ni ngapi. Lahajedwali la kawaida linatosha, na kwa halmashauri ndogo hata karatasi ya mistari.

Anza na taarifa za benki

Kusanya taarifa za benki za miezi 36 iliyopita. Kwa kila chanzo (kodi ya majengo, leseni, ushuru, ruzuku ya serikali kuu) andika kiasi kilichoingia kila mwezi kwa tarehe ya kuingia benki, si tarehe ya ankara wala ya barua iliyoahidi ruzuku. Tafuta kila mwezi ulibeba asilimia ngapi ya makusanyo ya mwaka wake, kisha chukua wastani wa miaka mitatu. Kabla ya hapo ondoa mapato yasiyojirudia, kama mauzo ya kiwanja au malimbikizo yaliyolipwa baada ya msamaha wa adhabu.

Asilimia hizo zidisha kwa makusanyo unayotarajia mwaka huu. Usichukue tarakimu ya bajeti. Mara nyingi matumizi hupangwa kwanza, kisha makisio ya mapato ya ndani huvutwa juu mpaka pande mbili zilingane. Chukua makusanyo halisi ya mwaka uliopita, uongeze tu kile chenye sababu inayoshikika: ada mpya iliyokwisha kuidhinishwa, majengo mapya yaliyokwisha kuthaminiwa. "Tutaimarisha ukusanyaji" haiingii kwenye hesabu.

Upande wa matumizi, mishahara na marejesho ya mikopo vina tarehe zake. Miradi ndiyo inayosumbua. Ukiigawa kwa 12 umekosea, kwa sababu mkandarasi hulipwa kazi ikipimwa. Muulize mhandisi anatarajia kuidhinisha hati za malipo lini, uongeze siku za kulipa zilizoandikwa kwenye mkataba.

Jedwali linavyosema ukweli

Tuchukue halmashauri yenye bajeti ya milioni 1,200, mapato na matumizi sawasawa, ikianza mwaka na bakaa ya 70. Kodi ya majengo huleta 240 mwezi wa 4 na 240 mwezi wa 10. Ruzuku ni 120 katika miezi ya 2, 5, 8 na 11. Ada na ushuru ni 20 kila mwezi. Mishahara na uendeshaji hula 80 kila mwezi, mkopo 60 mwezi wa 3 na wa 9, miradi 40 kila mwezi kuanzia wa 9 hadi wa 11.

| Mwezi | Zinaingia | Zinatoka | Bakaa |
|---|---|---|---|
| 1 | 20 | 80 | 10 |
| 2 | 140 | 80 | 70 |
| 3 | 20 | 140 | −50 |
| 4 | 260 | 80 | 130 |
| 5 | 140 | 80 | 190 |
| 6 | 20 | 80 | 130 |
| 7 | 20 | 80 | 70 |
| 8 | 140 | 80 | 130 |
| 9 | 20 | 180 | −30 |
| 10 | 260 | 120 | 110 |
| 11 | 140 | 120 | 130 |
| 12 | 20 | 80 | 70 |

Mwaka unaishia palepale ulipoanzia, lakini katikati kuna mashimo mawili. Yote mawili yanazibwa kwa kusogeza tarehe ya mkopo mwezi mmoja mbele: bakaa ya mwezi wa 3 inakuwa 10, ya mwezi wa 9 inakuwa 30. Tarehe hiyo huombwa wakati wa kusaini mkataba, kabla hujawa mdeni mwenye shida. Mweka hazina asiyekuwa na jedwali hili hukubali tarehe yoyote aliyoletewa na benki.

Sasa ijaribu kwa bahati mbaya. Ruzuku ya mwezi wa 2 ikichelewa mwezi mmoja, bakaa ya mwezi wa 2 inashuka hadi −50. Fanya jaribio hilo kwa kila chanzo kikubwa, ukichukua ucheleweshaji mrefu kuliko wote unaouona kwenye taarifa zako za benki. Shimo lenye kina kuliko yote ndiyo akiba unayohitaji. Chama cha maofisa fedha wa serikali cha Marekani na Kanada, GFOA, hupendekeza akiba isiyopungua miezi miwili ya matumizi ya kawaida, ambayo kwa mfano wetu, ukihesabu mishahara na uendeshaji pekee, ni 160. Wengi hawana kiasi hicho. Basi angalau lenga shimo lako mwenyewe.

Tenga fedha ambazo si zako

Benki inaweza kuonyesha 400 huku uwezo wako wa kutumia ukiwa 60. Ndani ya tarakimu ile mna fedha za wafadhili zenye masharti, fedha za miradi, dhamana zilizozuiliwa za makandarasi, na makato ya mishahara yanayosubiri kupelekwa kwenye mifuko ya pensheni na kwa mamlaka ya kodi. Weka safu mbili za bakaa, fedha huru na fedha zenye mwenyewe. Maamuzi ya kila siku yafanywe kwa ile ya kwanza tu.

Makato ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Wafanyakazi wamepata mshahara mkononi, hakuna anayelalamika, na makato yamebaki kwenye akaunti yakionekana kama fedha za bure. Zikitumika, adhabu huanza kuhesabika, na mstaafu wa kwanza anayekosa mafao ndiye anayefichua deni. Peleka makato siku ileile ya mishahara.

Zuia ahadi, usisubiri malipo

Mhasibu akianza kudhibiti wakati hati ya malipo imefika mezani, amechelewa. Mzabuni ameshaleta mali. Udhibiti uwe pale agizo la ununuzi linapotolewa. Kwa kila kasma (fungu la bajeti), kilichobaki ni bajeti toa kilicholipwa, toa maagizo ambayo hayajalipwa. Halafu kuna swali la pili ambalo mifumo mingi haiulizi: je, mwezi ambao agizo hili litadai kulipwa, jedwali lina fedha? Kasma kuwa na salio ni ruhusa tu ya kutumia.

Ankara zisizolipwa zipange kwa umri: siku 0–30, 31–60, 61–90, na zaidi ya 90. Kundi la mwisho likikua miezi mitatu mfululizo, tatizo si la msimu tena, ni la bajeti yenyewe. Wazabuni nao hujifunza haraka: anayelipwa baada ya miezi sita huweka gharama ya kusubiri ndani ya bei ya zabuni inayofuata.

Fedha zikipungua, utaratibu wa kulipa uwe umeandikwa na kuidhinishwa mapema: mishahara pamoja na makato yake, madeni yenye riba, dawa na maji na umeme, kisha wazabuni kwa tarehe ya ankara. Bila orodha hiyo, anayelipwa ni yule mwenye simu ya mkubwa.

Kukopa na kuwekeza kwa muda mfupi

Mkopo wa kuziba shimo la msimu uwe na chanzo cha kuulipa kinachojulikana, na uishe ndani ya mwaka huohuo wa fedha. Ukilazimika kuuhuisha mwaka unaofuata, haukuwa wa msimu. New York ilizoea kugharimia matumizi ya kawaida kwa noti za muda mfupi (hati za mkopo), na mwaka 1975 soko lilipokataa kuzinunua jiji lilikaribia kufilisika.

Fedha za ziada ziweke kwa mpangilio huu: usalama kwanza, kupatikana kwa wakati pili, faida mwisho. Kaunti ya Orange, California, iliugeuza. Mweka hazina wake alikopa kwa muda mfupi ili awekeze kwa muda mrefu, riba zikapanda mwaka 1994, hasara ikafika takribani dola bilioni 1.7 na kaunti ikaomba ulinzi wa ufilisi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2008 halmashauri nyingi za Uingereza zilikutwa na amana katika benki za Iceland zilizoanguka. Kwa hiyo weka kikomo cha kiasi kwa kila benki, na kila amana iive kabla ya mwezi ambao jedwali linaidai.

Kazi ya kila wiki

Kila Jumatatu fanya usuluhisho wa benki: linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ukitafuta hundi ambazo hazijawasilishwa, makusanyo yaliyokatiwa stakabadhi lakini hayajafika benki, na tozo ambazo hazijaandikwa. Makusanyo yaliyokaa zaidi ya siku moja ya kazi nje ya benki yadaiwe maelezo kwa maandishi. Kisha sahihisha jedwali la pili, linaloonyesha wiki kwa wiki wiki 13 zijazo, maana mwezi unaofunga na bakaa nzuri unaweza kuwa ulikauka tarehe 25, kodi ikiingia tarehe 30.

Mwisho wa mwezi linganisha ulichokisia na kilichotokea, chanzo kwa chanzo. Tofauti inayozidi asilimia 10 itafutiwe jina: imechelewa, au haiji kabisa? Iliyochelewa unaisogeza mwezi wa mbele. Isiyokuja unaifuta, na siku hiyohiyo unatafuta matumizi ya kiasi kilekile ya kusimamisha, yakiwemo maagizo ambayo bado hayajatolewa.